Kamba ya Nguo za Watu

"Shemeji, hii kamba yako ni makaburi," alisema Semina, na kwa kijiti alichookota mlangoni akazigusagusa nguo zilizoning'inia. "Mtaji umezikwa hapa. Pesa zinaoza, wewe unazitazama tu."

"Zichokoe tena na hicho kijiti uone kama sijakuchoma sindano," alisema Fundi bila kuinua macho kwenye cherehani yake.

Semina alikuwa mdogo wake mume wa Fundi. Jina hilo alipewa na mtaa kwa kuwa hakuna semina ya biashara iliyowahi kumpita. Penye ukumbi, vipeperushi na chakula cha mchana, yupo, tena kiti cha mbele. Alijua kuanzisha biashara, kuitangaza, kuikuza na kuiokoa isife. Alichokosa ni biashara yenyewe tu. Lakini tusimwonee. Mengine aliyoyasema yalikuwa na akili, na Fundi alijua kuwa yana akili, ndiyo maana yalimwasha kama upupu.

"Nisikilize basi," Semina alisema, akajikalia juu ya meza ya kukatia. "Mteja alipe nusu kabla hujashika mkasi. Pesa ya duka usiichanganye na ya mboga. Na mzigo usiotoka, uondoe, hata kwa bei ya kutupa, upate hela ya kuzungusha. Ndivyo wenzako wanavyokua. Wewe umri wote huu una cherehani moja."

"Shuka mezani kwangu kwanza. Haya. Hilo la kulipa nusu nimelichukua, nitaanza kesho. La pesa ya mboga mwambie kaka yako, yeye ndiye anayechota hela ya sigara kwenye kopo langu la vifungo. La mwisho, hapana. Hizi nguo si mzigo wangu. Ni za watu."

"Watu gani, kama wenyewe wamezitupa?"

"Hawajazitupa. Hawajazichukua."

Kaka mtu alikuwa amekaa kwenye kizingiti, akacheka, na kicheko chake kikatikisa mabati. Alikuwa na sauti kubwa kuliko chumba. Miaka yote alifanya kazi kwenye mashine za kiwanda cha sabuni, ambako usipopaza sauti husikiki, na kiwanda kilipomwachisha aliondoka na sauti hiyo na kipande cha barua. Tangu hapo alikuwa akikaa kizingitini akitazama barabara. Mwanamume aliyezoea kazi akikaa kizingitini hivyo, neno lolote la matumaini humwingia, hata liwe la Semina.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, na kamba ilitoka ukuta huu hadi ukuta ule. Hapo zilikuwapo nguo ambazo wenyewe walishindwa kuzifuata. Kulikuwa na koti la bwana harusi ambaye harusi yake ilivunjika. Kulikuwa na gauni la mwalimu wa chekechea, ambaye hela ya kumalizia ilimpotelea kwenye dawa, naye akaona aibu hadi akawa anapita upande wa pili wa barabara. Wengi walipita upande ule wa pili. Fundi aliwaona wote kutoka dirishani, na hakuwaita.

Alikuwa na kichaa chake, na mafundi wenzake walimcheka kwa hicho. Ndani ya mshono alibakiza kitambaa kingi kupita kiasi, na nguo ya mtu ikishakaa kambani, aliendelea kuishona. Mwalimu wa chekechea alipojifungua akanenepa, Fundi alimwona akipita, na siku hiyohiyo akalifumua gauni mbavuni, akaliachia. Bwana harusi alipokonda kwa mawazo, koti lake likabanwa mabegani. Macho ya Fundi yalikuwa futi tosha ya kupimia. Akikutazama mara moja ukivuka barabara, amekupima.

"Mke wangu anawashonea watu wasiojua kuwa wanashonewa," mumewe alikuwa akisema, nusu kwa utani, nusu kwa uchungu. "Tena bure!"

"Siku wakija, itawakaa," Fundi alijibu, na kwake hayo yalikuwa maelezo ya kutosha.

Mwisho wa kamba, ndani ya mfuko wa nailoni, ilikuwapo sare nyeupe ya uuguzi. Hiyo haikudaiwa chochote. Mwenyewe alikuwa mama mfagia barabara, aliyelipa kidogo kidogo hadi akamaliza, halafu ada ya chuo cha binti yake ikakosekana. "Nikienda nayo nyumbani mtoto ataitazama kila siku alie," alimwambia Fundi. "Kaa nayo. Siku yake ikifika tutaifuata." Fundi akamwambia, "Utaikuta." Alisema hivyo tu, mbele ya mumewe.

*

Mama yake Fundi aliteleza bafuni akavunjika mkono. Fundi akafunga kibunda chake akaenda kumuuguza, na funguo za duka akamwachia mumewe. Aliporudi asubuhi moja, amechoka, vumbi hadi kwenye kope, alisimama barabarani akidhani amepotea njia. Juu ya mlango wake kulikuwa na bango jipya lenye rangi nne, na picha ya mwanamke wa kizungu aliyevaa suti.

"Karibu ofisini, mkurugenzi!" Semina alimpokea mikono miwili.

Ndani kulikuwa na kiti cheusi cha ngozi ya bandia, kile cha kuzunguka chenye magurudumu. Kilikuwa kimejaa nusu ya chumba. Fundi hakukitazama kwa muda mrefu. Alitazama kamba. Zilikuwapo henga tupu zinachezacheza kwa upepo wa mlangoni.

"Nguo za watu ziko wapi?"

"Kaa kwanza, mama watoto," mumewe alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kijaribu kiti. Kinazunguka."

"Baba watoto, nguo za watu ziko wapi?"

"Tumeziuza," Semina akadakia. "Zote kwa mkupuo, kwa yule wa mitumba, Bei Moja. Tulitaka ununuliwe ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, sasa hela haikufika. Lakini bango limepatikana na kiti kimepatikana. Mteja anaanza kununua kwa macho, shemeji. Mtu akiingia akamkuta fundi kwenye kigoda anajua huyu ni wa bei chee."

"Na sare ya mtoto wa mfagia barabara?"

Wanaume wale wawili wakatazamana.

"Ilikuwa na mfuko wa nailoni," mumewe alisema taratibu. "Ndiyo iliyopandisha bei."

Lo! Fundi alitafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa kwenye kiti kile tu. Alipokaa kikazunguka, kikampeleka uso kwa ukuta. Akalia hapo, ameupa mgongo ukoo mzima wa mumewe, na walipotaka kumgeuza akakanyaga sakafu kwa visigino.

"Mume wangu," alisema akiwa bado anautazama ukuta, "mimi sina digrii, sina shamba, sina mjomba serikalini. Nilichonacho ni kwamba mtu akiniachia kitambaa chake analala usingizi. Umeuza hicho. Nguo ni nguo tu, lakini hicho utakinunua soko gani?"

Semina alianza kusema habari za kujifunza kutokana na changamoto, na kaka yake akamtoa nje kwa kumshika kola.

*

Shida haikungoja wapatane. Kabla jua halijawa kali, mama mfagia barabara alitokea mlangoni na fagio lake begani, anahema, meno yote nje.

"Fundi wangu! Umerudi? Nimepita hapa kila siku, nakuta pamefungwa. Ameitwa! Mtoto ameitwa tena chuoni, safari hii kuna watu wamemlipia. Jumatatu anaripoti. Wamesema asiyekuwa na sare asijisumbue kufika."

Mume wa Fundi alitangulia kusimama. "Mama, unajua," alianza, "juzi kuliingia panya hapa, panya wakubwa..."

"Nyamaza," Fundi alimwambia. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Dada, sare haipo. Imeuzwa nikiwa safarini. Imeuzwa na watu wa nyumba hii, kwa hiyo nimeiuza mimi."

Mama yule hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilishusha fagio begani, akalitazama kama vile ndilo aliloambiwa limeuzwa.

"Nilimwambia mtoto," alisema, "kwamba duniani kuna mahali pamoja ambapo kitu chetu kimewekwa. Alikuwa hapendi kupita hapa, lakini akipita anachungulia dirishani. Ananiambia, mama, bado ipo." Akajifuta pua kwa kiganja. "Basi. Vya kwetu ndivyo vilivyo. Nisikulaumu."

"Nilaumu!" Fundi alifoka, hata mumewe akashtuka. "Nani kakuambia usinilaumu? Nitukane ukitaka, una haki. Ila usiniambie 'basi'. Jumapili jioni mlete mtoto hapa. Nilikwambia utaikuta. Utaikuta."

Mama yule alimtazama tangu kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima kama aamini tena au asiamini. Akaondoka bila kuaga, na fagio likiburuta nyuma yake.

*

Bei Moja alikuwa bwana mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani. Aliuza mitumba yake chini, kwenye turubai, na jina lake alilipata kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kupunguza bei. "Bei moja, usiniulize!" ndio ulikuwa wimbo wake.

"Nimenunua kihalali," alimwambia Fundi. "Mumeo alikuwepo, mdogo wake alikuwepo. Walinipa hadi mkono. Zingine zimeshatoka. Gauni moja la mwanamke limeondoka jana."

"La kijani? Lenye kola?"

"Hilohilo."

Gauni la mwalimu wa chekechea. "Na sare nyeupe?"

Bei Moja aliivuta kutoka nyuma ya marobota, bado imo kwenye nailoni yake. "Hii nimeiweka pembeni. Kuna mwenye zahanati anaitaka. Ukiitaka wewe, bei ni hii." Akaitaja. Kwa bei ile Fundi angeweza kununua jora zima la kitambaa.

"Ulinunua kwa bei hiyo?"

"Mama, mimi nikuulize umelipa shilingi ngapi uzi wako? Biashara ni biashara. Huna hela, pisha wenye hela waone."

Watu waliokuwa wakichambua nguo waligeuka. Mmoja akacheka. Fundi alisikia masikio yanawaka moto, maana sokoni hakuna kitu kinachodharaulika kama mtu mzima anayetamani kitu na mfuko hauna kitu. Akasogea pembeni, lakini hakuondoka. Alisimama pale makusudi, amekunja mikono, awaone na wao wamwone.

Na kwa kuwa alisimama, akaona jambo. Mwanamke mmoja alilipenda koti, akalivaa, mikono ikamfunika vidole, akalivua akalirudisha. Kijana akaipenda suruali, kiuno kikamshinda, akairudisha. Baba mmoja alirudisha shati. Bei Moja alikuwa anaimba wimbo wake, na hela zake zinaondoka kwa miguu.

"Bwana," Fundi alimwita. "Sikuombi upunguze bei."

"Vizuri, maana sipunguzi."

"Nitakupunguzia nguo. Kesho Jumamosi nakuja hapa na cherehani. Kila anayenunua kwako namkatia, nambania, anavaa anaondoka nayo. Kutwa nzima. Wewe hunilipi hata senti. Jioni unanirudishia nguo zangu zote zilizobaki, na sare ikiwemo."

Bei Moja alivua kofia akajikuna. "Ukiniharibia?"

"Nikiharibu moja, nyingine zote baki nazo, na cherehani uchukue."

"Cherehani?" Alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe mama una wazimu."

"Nina wazimu. Kesho saa ngapi unatandika?"

*

Cherehani ilivuka mtaa juu ya kichwa cha mume wa Fundi. Hakuna aliyemlazimisha. Aliamka, akaifungua miguu ya chuma, akaibeba kiwiliwili kwanza, akarudi kubeba miguu, na majirani waliomzoea kizingitini wakatoka kumtazama.

"Mkurugenzi, unahama?" mmoja alimtania.

"Nahama kizingiti," alijibu.

Kile kiti cha kuzunguka nacho kilibebwa, na Fundi akakitafutia kazi papo hapo. Kila mteja alikalishwa juu yake ili apindwe suruali, na Fundi akawa anamzungusha kama chungu, mguu huu, mguu ule. Watu walipanga foleni wazungushwe tu. "Kumbe hiki kitu kina faida," alisema, sindano mdomoni, na mumewe akathubutu kucheka kidogo.

Saa za mwanzo zilikuwa ngumu. Mwanamke mmoja alimpokonya koti akisema haliweki chini ya mkasi wa mtu asiyemjua. Uzi ulikatika mara nyingi, vumbi likaingia kwenye mashine. Kisha mume wa Fundi akasimama juu ya kreti. Alikuwa amechoka kumsikia Bei Moja akiimba kwa sauti ya mbu.

"Chagua, pima, bana, vaa!" aliunguruma. "Haikutoshi? Itakutosha! Ndefu? Fupi! Pana? Nyembamba! Fundi yupo hapa, mke wangu mwenyewe, nilimchagua kwa macho yangu!"

Soko zima liligeuka. Ile sauti iliyoshindana na mashine za sabuni ilipata kazi tena, na mwenye nayo alionekana amekuwa mrefu kidogo. Watu wakaja. Kufika mchana turubai la Bei Moja lilikuwa linaonyesha matundu yake, na mwenyewe alikuwa anafungua marobota aliyoyatunza ya mwezi ujao.

Hapo ndipo Semina alipotokea, amevaa tai.

"Kaka! Shuka huko!" alinong'ona kwa nguvu. "Watu wa semina wanapita njia hii. Unapiga kelele kama kondakta, unanivunjia heshima!"

"Mdogo wangu," alisema kaka yake kutoka juu ya kreti, bila kupunguza sauti hata chembe, "heshima ya nyumba yetu niliiuza na wewe ukiwa shahidi. Leo tunaikomboa. Shika hizo suruali uzikunje, au pisha wateja."

Watu wakacheka. Semina alisimama akitafuta pa kuweka uso. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akaiweka tai begani, akainama akaanza kukunja suruali. Alikuwa hajui kukunja, lakini alikunja.

Jioni Bei Moja alileta nguo mwenyewe, sare nyeupe ikiwa juu. Hakumpa mara moja. "Sikiliza, fundi. Uje kila Jumamosi. Nitakulipa kibarua cha siku, na chakula juu yangu."

"Sitaki kibarua," alisema Fundi. Mgongo ulikuwa unamuuma hadi machozi yanamlenga, lakini alinyooka. "Nitakuja kwa bei yangu, mteja ananilipa mimi mkononi, na wewe unaniachia nafasi. Usinijibu sasa. Kwanza nipe nguo za watu."

"Punguza kidogo basi hiyo bei yako..."

"Bei moja," alisema Fundi. "Usiniulize."

Bwana yule alicheka hadi kofia ikaanguka, akampa.

Njiani Semina alikuwa ameshapata pumzi. "Si nilisema mimi? Panua biashara! Shemeji, haya ndiyo tuliyofundishwa, kumfuata mteja aliko. Nitakuombea ukawasimulie wenzetu ukumbini."

"Ulisema mengi, shemeji, na moja nimelichukua," Fundi alisema. "Ila ukumbini sendi. Kesho wewe na kaka yako mna safari. Mtakwenda kwa mwalimu wa chekechea, mmwambie gauni lake mliliuza, na kwamba namshonea jingine. Mtakwenda kwa kila ambaye nguo yake haikurudi. Kwa miguu. Na tai hiyo vaa."

*

Jumapili jioni mama mfagia barabara alikuja na binti yake. Walisimama nje kidogo, kama watu waliokuja kuthibitisha tu jambo baya. Bango halikuwepo tena. Mume wa Fundi alikuwa amelishusha akafanya kivuli cha kwenda nacho sokoni. Yule mwanamke wa suti alikuwa ametazama chini.

Fundi aliichukua sare kwenye kamba, mahali pake pale pale pa mwisho, akampa msichana, akamwonyesha pazia.

Walimsubiri. Kutoka nyuma ya pazia hawakusikia kitu. Mama mtu akaanza kusokota ncha ya kanga yake. "Haitamtosha," alisema kwa sauti ya chini. "Alipimwa akiwa mwembamba, mfupi. Mwangalie sasa alivyo. Sikulifikiria hilo, fundi. Nisamehe, nimekutesa bure."

Pazia likafunguka. Msichana alitoka amenyooka, mikono ameiweka mbali na mwili kama anaogopa kuigusa nguo. Mabega yalikaa. Kifua kilikaa. Urefu ulifika chini ya magoti, palepale chuo kilipotaka.

"Mama, imenikaa," alisema. Akamgeukia Fundi. "Lakini hujanipima tena. Ulinipima lini?"

"Ukichungulia dirishani," Fundi alisema, akapiga magoti kuondoa uzi uliojitokeza kwenye pindo. "Nimeiachia mabegani, nikaiachia kiunoni, nikashusha pindo. Ulirefuka haraka, ulinitoa jasho."

Mama yake alijikalia kwenye kile kiti, kikamzungusha nusu, hakujali. Alilia na kucheka kwa pamoja, akajifuta, akalia tena. Mume wa Fundi alitoka nje akajifanya anatazama barabara.

"Na kama wasingemwita?" mama aliuliza mwishowe. "Fundi, kama asingeitwa kabisa?"

Fundi aliung'ata uzi kwa meno, ukakatika. Akaligeuza pindo la sare, akamwonyesha kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani.

"Ningeendelea kuiachia," alisema. "Tazama. Bado kingi."